Siku Sita kwenye Makao ya Mkaratusi wa Miena

Siku ya kwanza, Jumatatu: Melbourne hadi Hobart

Afisa wa karantini mjini Melbourne aliviinua viatu vyangu vya porini, akavipindua, akachokonoa kwa kijiti udongo mwekundu wa Mufindi uliokuwa umeganda kwenye soli, kisha akaenda kuviosha na kunirudishia vikiwa vinachuruzika maji. Wasafiri waliokuwa nyuma yangu walinung'unika kwa kucheleweshwa. Mimi sikunung'unika, kwa kuwa nimefanya kazi ya kitalu cha miti kwa miaka 28 na ninafahamu kwamba konzi moja ya udongo yaweza kubeba vimelea vya kuozesha mizizi vya kutosha kuharibu msitu mzima. Nilichokiona kigeni ni jambo jingine: nilikuwa nimetoka katika nchi ambako mkaratusi ni mgeni, nikaingia katika nchi ambako mkaratusi ni mwenyeji, na huyo mwenyeji ndiye aliyekuwa akilindwa dhidi yangu.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini za Tanzania mkaratusi ni mti usiojua kufa. Ukiukata, kisiki hutoa machipukizi baada ya muda mfupi. Ukiyapunguza ukabakiza mawili au matatu yaliyonyooka, baada ya miaka kadhaa unavuna nguzo tena kutoka kwenye kisiki kile kile. Wenye mashamba kando ya vijito huuchukia kwa kuwa hunywa maji, wenye viwanda vya chai huupenda kwa kuwa kuni zake hukausha majani ya chai, nami nimejaza viriba vyake kwa mikono yangu bila idadi. Kwa hiyo mdogo wangu, aliyeolewa na kuhamia Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, aliponipigia simu kunieleza kwamba huko kuna mkaratusi unaotoweka, na kwamba watu hupanda milimani kwenda kuuzungushia mabati ili usife, nilicheka. Akaniambia, "Kaka, njoo uone kwanza, ndipo ucheke." Sasa nimestaafu, nauli imepatikana, nami nimekuja kuona.

Tulipofika Hobart mchana, shemeji yangu alinipeleka moja kwa moja kwenye Bustani ya Mimea ya Kifalme, iliyoanzishwa mwaka 1818 juu ya mto Derwent. Tasmania ina aina asilia za mikaratusi zipatazo 30. Mojawapo ni Eucalyptus globulus, ambayo Mfaransa Labillardière aliichukulia sampuli kusini mwa kisiwa hiki mwaka 1792, na ambayo leo imetapakaa kuanzia nyanda za juu za Ethiopia hadi za Kenya. Niliokota chini vikombe vyake vya mbegu, vigumu na vyenye mikunjo, nikavinusa. Ile harufu ya kifuani, ya mafuta ya kujifukiza wakati wa mafua, ikanirudisha nyumbani mara moja. Mti huo hauna shida yoyote, kwa kuwa umeshaizunguka dunia. Niliyekuja kumtazama ni ndugu yake wa milimani, mkaratusi wa Miena, ambaye hana makao mengine duniani isipokuwa uwanda mmoja wa kati wa kisiwa hiki.

Siku ya pili, Jumanne: Hobart, Bothwell, Miena

Shemeji ni mzaliwa wa Kigoma, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na siku zake za mapumziko huzimaliza kwenye maziwa ya huko juu akivua samaki aina ya trauti. Kwa hiyo barabara hii anaijua kona kwa kona. Kutoka Hobart hadi Miena ni kama kilomita 130, nusu ya kwanza ikiwa kwenye mabonde ya kondoo yenye nyasi zilizokauka rangi ya mkate. Bothwell ni mji mdogo wa nyumba za mawe uliojengwa na walowezi, wengi wao Waskoti, katika miaka ya 1820. Una uwanja wa gofu unaohesabiwa kuwa wa kale kuliko vyote Australia, jambo ambalo shemeji alilitaja kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyeuchimba.

Baada ya Bothwell gari lilianza kupanda, na mikaratusi ikaanza kubadilika kadiri tulivyopanda, kama inavyobadilika miti ya kwetu ukitoka Ilula kwenda Mafinga. Ile mirefu ya mabondeni iliachwa nyuma. Ikaja mifupi yenye mashina yaliyopinda, magome yakining'inia vipande vipande. Tulipofika kwenye uwanda wenyewe, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, upepo ulilisukuma gari ubavuni na mawe meusi ya doleriti yakawa yametawanyika kila mahali katika nyasi kama mbuzi waliolala.

Hapo ndipo nilipoiona miti yenyewe. Ilikuwa imesimama mmoja mmoja na makundi makundi pembeni mwa nyasi, mikavu, haina hata jani. Niliomba gari lisimame. Mtu aliyezoea miti huweza kukisia ni lini mti ulikufa: vijiti vidogo huanguka kwanza, kisha magome, kisha matawi ya ukubwa wa mkono, na mwishowe hubaki shina na mikono yake minene. Mingi ya miti hii ilikuwa imefikia hatua hiyo ya mwisho, mbao zake zikiwa zimepauka rangi ya bati la zamani. Ilikuwa imekufa miaka mingi iliyopita, na haikuwa imekufa kwa pamoja.

"Nimepita hapa mara zisizo na hesabu," shemeji alisema, "siku zote nikidhani imeungua."

Nilipapasa shina moja nikamwonyesha kiganja changu. Hakikuwa na masizi. Mti ule ulikuwa umekauka ukiwa umesimama, na kisiki chake hakikuwa na chipukizi hata moja. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeua visiki vya mikaratusi kwa shoka, kwa moto na kwa dawa, na vingi vyao vilinishinda. Sikuwahi kuona kisiki cha mkaratusi kilichokata tamaa chenyewe.

Tulilala Miena, kijiji cha vibanda vya wavuvi kwenye ncha ya kusini ya Great Lake, ziwa kubwa ambalo maji yake yameinuliwa kwa mabwawa ya umeme. Nilivaa kila nguo niliyokuja nayo.

Siku ya tatu, Jumatano: uwandani

Baridi iliniamsha kabla ya jua. Kalenda ilisema ni mwisho wa Novemba, yaani mlango wa kiangazi cha huku, lakini kipimajoto kilichopigiliwa dirishani kilikuwa kimeshuka chini ya sifuri, na kioo cha gari kilikuwa cheupe. Liawenee, mwendo mfupi kaskazini ya hapa, ndiko kulikopimwa baridi kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa Tasmania: nyuzi 14.2 chini ya sifuri, tarehe 7 Agosti 2020.

Watu wa Mufindi wanaijua sakitu, kwa kuwa huunguza chai. Kila mkulima wetu anafahamu kwamba hewa baridi ni nzito na hutiririka usiku kama maji kutoka vilimani kwenda mabondeni, ikajikusanya huko hadi asubuhi. Ndiyo maana mwenye busara hapandi chai kwenye sakafu ya bonde. Nilipotoka nje niliona jambo hilo hilo likiwa limechorwa wazi kabisa. Sehemu ya chini ya uwanda, iliyo tambarare, ilikuwa nyeupe kwa sakitu na haikuwa na mti hata mmoja, nyasi na matindiga tu. Kwenye vilima vya pembeni palikuwa na msitu wa mikaratusi ya aina nyingine. Na katikati ya hayo mawili, kwenye ukingo ambako mteremko unaanza, pakiwa na majimaji ardhini na baridi ya kuua hewani, ndipo ilipojipanga mikaratusi ya Miena kama watu waliosimama ufukweni. Yenyewe ndiyo inayostahimili sakitu ambayo jirani zake hawaiwezi, na kwa ustahimilivu huo ilijipatia kipande cha ardhi ambacho hapakuwa na wa kugombea nacho. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba ukingo ni mwembamba. Ukikauka, mti hauna pa kuhamia.

Saa tatu walikuja watu wa kujitolea tuliokuwa tumepatana nao, saba kwa idadi, wengi wao wenye mvi. Aliyewaongoza ni mwalimu mstaafu ambaye shemeji alimwita "Bibi" tangu dakika ya kwanza, naye baada ya kuelezwa maana yake akalikubali jina. Alituongoza hadi kwenye mti mmoja ulio hai.

Nauandika kama nilivyouona. Urefu wake haukuzidi mita 12. Matawi yake yalitoka mapema na kutanuka kwa pembe pana, na tabia hiyo ndiyo iliyoupa jina la kitaalamu, Eucalyptus gunnii subsp. divaricata, kwa kuwa neno hilo la mwisho humaanisha kitu kilichopanuka huku na huku. Gome lilikuwa laini, lenye mabaka ya maziwa, kijivu na waridi, likibanduka kwa vipande virefu. Majani yalikuwa na rangi ya kibuluu iliyopauka, na nilipoyasugua kwa kidole gumba, nta yake nyeupe ilibaki kidoleni kama unga, na chini yake jani likawa kijani. Vikombe vya mbegu vilikuwa vitatu vitatu, vidogo kuliko ncha ya kidole changu cha mwisho. Jina la "gunnii" linatokana na Ronald Campbell Gunn, mkusanyaji wa mimea aliyezaliwa Cape Town mwaka 1808, ambaye sampuli zake zilimfikia mtaalamu Joseph Dalton Hooker aliyeutangaza mti huu mwaka 1844. Nilifurahi kuona kwamba kuna Mwafrika wa namna fulani ndani ya jina hilo, hata kama ni wa namna fulani tu.

Ndugu mwingine wa mti huo, wa nususpishi tofauti, yaani tawi jingine la spishi hiyo hiyo, si haba Tasmania, na hupandwa sana Ulaya kwa ajili ya majani yake ya buluu ambayo wauza maua huyachanganya kwenye mashada ya harusi. Huu wa Miena ndio uliomo hatarini. Mwaka 2001 wataalamu watatu walichapisha mjini Hobart taarifa iliyousema waziwazi kuwa unapungua kwa kasi, na sheria ya Australia inautambua kuwa mti ulio hatarini kutoweka.

Nilimuuliza Bibi kisiki kinakufaje. Jibu lake nililisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mkufunzi yeyote.

Chini ya shina la mkaratusi wa aina hii kuna uvimbe mgumu, nusu yake ukiwa ardhini, ambamo mti huweka akiba yake ya chakula pamoja na macho ya machipukizi yaliyolala. Tangu miaka ya 1990 uwanda huu umepatwa na vipindi vya ukame na joto ambavyo mti uliozoea majimaji haukuvizoea. Mti uliopungukiwa maji hupukutisha majani ya kileleni, kisha, kama mikaratusi ijuavyo kufanya, huamsha macho yale na kutoa machipukizi mapya shinani na kisikini. Hadi hapo ndiyo hadithi ninayoijua mimi. Lakini hapa anaingia posamu, mnyama wa usiku mwenye ukubwa wa paka na mkia wa manyoya mazito, anayebeba mwanawe mfukoni kama kangaruu. Posamu hupenda majani ya mti huu kuliko ya jirani zake, na machipukizi laini ndiyo anayoyapenda zaidi. Huyala yote. Mti hutoa mengine. Huyala tena. Kila chipukizi ni mkopo uliotolewa kwenye akiba ya kisiki: jani likiishi, mkopo hulipwa kwa jua, likiliwa, deni hubaki. Baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo, kisiki hufilisika.

Ile nguvu ya kurudi ambayo kwetu huufanya mkaratusi uogopwe, hapa ndiyo inayoumaliza. Mti ambao ungekuwa mvivu wa kuchipua huenda ungedumu zaidi.

Na miche je? Mbegu za mikaratusi hazilali ardhini miaka mingi zikingoja. Hukaa kileleni ndani ya vikombe, kwa hiyo kilele kikifa, ghala limeungua. Zile chache zinazoanguka na kuota hukutana na ng'ombe, kondoo, wolabi (jamii ya kangaruu wadogo), sungura, na kulungu wa Ulaya walioletwa na walowezi. Nilitembea hatua zangu 200 kuuzunguka ule mti na macho yangu yakiwa chini, kama nifanyavyo kitaluni, sikuona mche hata mmoja.

Siku ya nne, Alhamisi: mabati

Nilipewa mkasi wa bati na glovu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unachukua ukanda wa bati laini, unauzungusha kwenye shina juu kidogo ya kimo cha kifua, unauunganisha kwa springi ili uweze kutanuka mti unaponenepa, na posamu anayepanda usiku hukuta mahali ambapo kucha zake hazishiki, akateleza. Ugumu upo kwenye jiometria. Posamu huruka. Kwa hiyo kabla ya kufunga bati ni lazima usimame mbali na mti, uutazame kwa jicho la mnyama mwenye njaa, na kukata kila tawi la mti jirani linaloweza kuwa daraja. Mara mbili nilidhani tumemaliza, na mara mbili Bibi alinyoosha kidole kwenye tawi nililolisahau.

Shemeji aliuliza swali ambalo nilikuwa nalo kooni: kwa nini wasiwapunguze hao wanyama? Bibi alijibu kwamba posamu naye ni mwenyeji wa hapa tangu zamani, na mti na mnyama waliishi pamoja muda mrefu bila mmoja kummaliza mwenzake. Zamani aliwindwa kwa nyama, baadaye kwa biashara ya ngozi, na biashara hiyo imepungua sana. Lakini mzizi wa matatizo, alisema, ni mti kudhoofika kwa ukame, na posamu ni mgeni wa matanga tu. Ni jibu la haki, ingawa baada ya kufunga ukanda wa kumi na moja sikuwa na mapenzi makubwa na mgeni huyo.

Theluji ilianza saa sita mchana. Niliwahi kuiona juu ya Kilimanjaro kwa mbali, haikuwahi kuniangukia. Haikuwa nyingi, na ilipofika kwenye majani yale ya buluu sikuweza kutofautisha theluji na nta. Katika kuishangaa nilisahau mkasi mkononi, bati likanichana kidole gumba, damu ikadondoka kwenye theluji, na shemeji akapiga picha kwanza kabla ya kutafuta kitambaa. Nitamkumbusha siku moja.

Alasiri tulihamia kwenye vizimba. Hivi ni duara za wavu wa seng'enge, kimo cha mtu, zilizokazwa kwa nguzo za chuma, na ndani ya kila kimoja imepandwa au imejiotea miche michache. Bibi alinifungulia kimoja. Niliinama, na hapo ndipo mwili wangu ulipojisikia kazini. Miche ya mti huu haifanani na mama yake: majani yake ni ya duara, hayana vikonyo, yamekabiliana mawili mawili na kukumbatia shina kama sarafu zilizotungwa kwenye uzi. Niliipa miche hiyo umri wa miaka mitatu. Bibi alisema ni saba. Saba! Kwetu Mufindi mkaratusi wa miaka saba ni nguzo ya umeme, karibu kuvunwa; huu wa Miena ulinifikia kiunoni. Nikafahamu kwa mara ya kwanza kwa nini kizimba hicho hakina tarehe ya kuondolewa.

Nilipalilia nyasi ndani ya vizimba vinne. Nyasi hizo ni ngumu na mizizi yake imesukana kama mkeka, na mbegu ndogo ya mkaratusi haina nguvu ya kupenya hapo isipokuwa ardhi iwe imefunguliwa na kitu fulani, kama vile moto. Moto nao una mambo yake. Januari 2019 radi kavu ziliwasha moto mkubwa uliotambaa katika uwanda huu wa kati hadi wakazi wa Miena wakaambiwa waondoke. Moto wa wastani ungeweza kuuandalia mti huu kitanda cha mbegu, lakini ukipita kwenye mti ambao kisiki chake kimeshafilisika, hauna tofauti na shoka.

Siku ya tano, Ijumaa: utomvu

Asubuhi mvua ilitufungia ndani, na mazungumzo yakaelekea kwenye jambo ambalo, kusema kweli, ndilo lililonifanya niupende mti huu badala ya kuuhurumia tu.

Mkaratusi wa Miena hugemwa. Katika miezi ya joto, shina lililojeruhiwa hutoa utomvu mtamu, na utomvu huo ukikusanyika kwenye tundu huchachuka wenyewe kwa hamira za porini na kuwa kinywaji chenye kilevi. Wapalawa, wenyeji wa Tasmania, walitoboa shina, wakatengeneza kijishimo cha kupokea utomvu chini, wakakifunika kwa jiwe bapa ili ndege na wanyama wasikifikie, kisha wakarudi kunywa. Kinywaji hicho huitwa way-a-linah. Walowezi walipokuja wakajifunza kuugema vilevile, wakauita mti wa saida kwa kuufananisha na pombe yao ya matofaa.

Shemeji alinitazama. "Huo si ulanzi?"

Ndio ulanzi hasa. Kwetu Iringa mgema huikata ncha changa ya mlanzi, yaani mwanzi wa pombe, wakati wa masika, huichonga kipande chembamba asubuhi na jioni, na kuuacha utomvu udondoke kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi; unaochukuliwa mapema ni mtamu, hata mtoto hunywa, na ukilala unakuwa mkangafu wa kumwangusha mtu mzima. Hakuna anayetia hamira. Nilimweleza Bibi haya yote, shemeji akitafsiri pale Kiingereza changu kilipokwama, naye akasema kwamba wanasayansi wa Adelaide walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa bakteria na hamira zilizomo katika utomvu wa mti huu, wakakuta jamii kubwa ya viumbe hao. Nilijiuliza nani aliyewahi kupima mbeta ya bibi yangu.

Mvua ilipokatika tulikwenda kwenye mti mzee ambao Bibi aliuhifadhi kwa ajili ya mwisho. Chini ya tawi lililovunjika gome lilikuwa na mfereji mweusi, unaong'aa, na nyuki na sisimizi walikuwa wamejipanga kando yake. Nilichovya ncha ya kidole. Ladha ilianza kama maji ya miwa yaliyopoa, ikafuatiwa na ukali kidogo, na nyuma kabisa, mbali, ile harufu ya kifuani ya mkaratusi. Shemeji alichovya mara tatu.

Kuhusu wagemaji wenyewe ni lazima niandike, ingawa si rahisi. Uwanda huu ulikuwa nchi ya taifa lililoitwa na Waingereza watu wa Big River. Mwaka 1831 George Augustus Robinson, aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuwakusanya wenyeji waliosalia, alizunguka huku akiandika shajara, na miti iliyotobolewa imo ndani ya shajara hiyo. Tarehe 31 Desemba 1831 aliwakuta. Baada ya miaka ya vita walikuwa wamebaki watu 26 tu, wa Big River na wa taifa jirani la Oyster Bay kwa pamoja. Tarehe 7 Januari 1832 waliingia Hobart kwa miguu, na muda si mrefu wakapakiwa melini kupelekwa kisiwa cha Flinders. Sisi tuna methali juu ya mgema anayesifiwa. Wagema wa hapa waliondolewa, na miti ikabaki na makovu yake.

Mwaka 2013 shamba kubwa la zaidi ya hekta 6,800 upande wa Bronte Park, ambalo sasa linaitwa trawtha makuminya, lilinunuliwa na kurudishwa mikononi mwa jamii ya Wapalawa. Tulilipita kwa mbali wakati wa jioni. Hatukuingia, kwa kuwa ni kwao na hatukuwa tumeomba.

Siku ya sita, Jumamosi: kurudi Hobart

Kabla ya kuondoka tulikagua vizimba kwa mara ya mwisho. Bibi alinipa daftari lake na kuniomba niandike idadi, kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unasomeka kuliko wake. Katika vizimba vinne nilivyopalilia mimi palikuwa na miche 13. Mmoja ulikuwa na ncha iliyoungua kwa sakitu. Nilimwonyesha, akasema utachipua chini. Nilisita kidogo kabla ya kukubali, kwa sababu wiki moja iliyopita nisingesita kabisa.

Safari ya kushuka ilikuwa ya kimya, shemeji akijutia samaki ambao hakuwavua. Karibu na Bothwell alisema kwamba mwakani atakuja kufunga mabati hata kama mimi sipo, lakini atakuja na fimbo yake ya kuvulia pia, na nadhani anasema kweli kuhusu yote mawili.

Usiku, baada ya chakula, nilitoka uani na kutoa viatu vyangu kwenye mfuko. Safari hii soli zilikuwa zimejaa tope jeusi la Miena. Nilifungua bomba, nikatafuta kijiti, nikaanza kuchokonoa mwenyewe kabla hajanichokonolea mtu mwingine. Nilikuwa nimefika kwenye kiatu cha pili niliposikia kitu kikikwaruza juu ya uzio wa mbao. Nikainua tochi. Macho mawili mekundu yalinitazama bila hofu yoyote, mkia mnene ukiwa umening'inia upande wa pili, na mfukoni kikiwa kimejitokeza kichwa kidogo cha mtoto. Tulitazamana kwa muda. Kisha aligeuka akaendelea na shughuli yake, ambayo ilikuwa kula mawaridi ya mdogo wangu, chipukizi baada ya chipukizi, akianza na yale laini zaidi.